Anwani Iliyokuwa Yangu

Rafiki yangu aliyekuwa na saiba pale Malili ndiye aliyenifungulia ile akaunti. Tulisoma shule moja ya bweni, yeye akaenda kusomea kompyuta na mimi nikachukua cheti cha afya ya mifugo. Tulipokutana tena tulikuwa wanawake wazima, kila mmoja na duka lake. Langu lilikuwa Kalamba, agroveti yenye rafu tatu za dawa na mzani. Lake lilikuwa kando ya barabara kuu, kompyuta sita, printa moja, na benchi la nje ambapo madereva wa malori walikaa wakingoja karatasi zao zitoke.

Nilikuwa nikiandika ushauri wa mbuzi na ng'ombe katika mtandao mmoja mkubwa ambao kila mtu alikuwa nao, na maandishi yangu yalikuwa yanazama. Mtu wa Nuu akiuliza juu ya mbuzi anayeharisha, jibu langu lilimfikia siku tatu baadaye, limebanwa katikati ya matangazo ya mawigi na ya kubeti. Mara mbili akaunti yangu ilifungwa kwa sababu niliweka picha ya kidonda. Nilimlalamikia rafiki yangu haya yote siku moja nikiwa kwenye lile benchi.

"Njoo kwangu," akasema. "Nimefungua seva."

Sikuelewa. Akanieleza polepole, vile alivyokuwa akiwaeleza wazee waliokuja kuomba cheti cha tabia njema, kwamba upo mtandao usio na mwenyewe mmoja. Kuna seva nyingi ndogo, kila moja na mtu anayeitunza, moja iko Kisumu, nyingine Ujerumani, nyingine kwa mwalimu fulani Brazili, na zote zinaongea. Ukijiandikisha kwenye moja, aliye kwenye nyingine anakusoma na kukujibu. Anwani yako ina sehemu mbili, jina lako na jina la seva uliyoko.

"Hizo mbili pamoja ndizo wewe," akasema. "Wenye jina kama lako wanaweza kuwa ishirini huko duniani, lakini kwa seva hii ni wewe peke yako. Na hakuna mkubwa wa kukufungia."

"Na wewe je?"

"Mimi naweza. Kwa hivyo niheshimu." Akacheka, akaninunulia soda.

Seva yake ilikuwa na watu kama arobaini, wengi wao wafugaji waliosoma kidogo, wenye maagroveti, na maafisa wa mifugo wa wadi. Niliandika kwa Kikamba na Kiswahili, jinsi tunavyoongea. Chapisho la kwanza lilikuwa la mbuzi aliyevimba chini ya taya, na jinsi ya kumfunua kope uone kama damu imeisha. Watu wakalipenda. Jambo zuri la seva ile ni kwamba ukurasa wangu ulifunguka hata kwa mtu asiye na akaunti. Ukiwa na linki tu, unasoma. Linki hiyo ikapita kwenye makundi ya simu ya vyama vya akina mama, ya makanisa, ya wanunuzi wa mbuzi wa soko la Mwingi, pamoja na familia za Kisomali zinazopitisha ng'ombe kutoka kaskazini. Kuna mwenye duka kule Nuu aliyeandika anwani yangu kwa rangi nyeupe kwenye mlango wake wa mabati. Nilitumiwa picha ya mlango huo na nikaiangalia mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Nuu ndiko nilikozaliwa. Aliyenilea ni mama mdogo, mdogo wake mama yangu, na bado alikuwa anaishi huko, mjane, na mbuzi wake thelathini na mmoja. Hakuwa na haja na mitandao. Lakini wajukuu wa jirani walimwekea ile linki kwenye simu yake, na akawa anaibonyeza kila asubuhi baada ya maombi. Hakuweza kusoma herufi ndogo vizuri. Alikuwa akiangalia picha yangu pale juu, kisha anampa mtu amsomee.

Tuliendelea hivyo karibu miaka minne.

Halafu figo za rafiki yangu zikaharibika. Alianza kuvimba miguu, akadhani ni kusimama sana. Kufikia walipomwambia ukweli, alikuwa anasafishwa damu Machakos mara mbili kwa wiki, na siku alizobaki Malili alilala kwenye godoro nyuma ya saiba. Nilikuwa namtembelea Jumapili baada ya ibada. Siku moja aliniita nikae karibu.

"Hamisha akaunti yako," akaniambia. "Tafuta seva nyingine, ujiandikishe, halafu uje hapa kwa hii ya zamani ubonyeze kwamba umehama. Ile ya zamani itawaambia watu wote wanaokufuata waende kwa mpya. Lakini lazima ibonyezwe hii seva ikiwa bado inafanya kazi. Ikizimika, hakuna wa kuwaambia."

"Haitazimika."

"Kila mwaka jina la seva linalipiwa. Nisipolipa linarudi sokoni, na mtu yeyote anaweza kulichukua. Umenisikia?"

Nikamwambia nimesikia. Na nusu ya kwanza niliifanya. Nilifungua akaunti kwenye seva nyingine, inayotunzwa na kikundi cha watu wa Nairobi, jina lilelile, picha ileile. Nusu ya pili sikuifanya. Ukurasa wa kuhama niliufungua mara kadhaa, nikaona lile swali la kuniuliza kama nina uhakika, nikaufunga.

Sababu yake ni hii. Wengine walikuwa wameshaondoka. Watu arobaini walikuwa wamebaki kumi na wawili, na yeye, akiwa kwenye kiti cha hospitali na mipira ya damu mkononi, alikuwa na simu yake mkono wa pili akiangalia seva yake. Kila aliyehama alionekana. Mimi ndiye niliyekuwa na wafuasi wengi kuliko wote waliobaki, na niliona kwamba nikiondoka, ataangalia simu siku moja na kukuta nyumba tupu na ataelewa tumemhesabu kwa wafu. Nikajiambia nitabonyeza akipata nafuu. Sikujiambia kitu kingine chochote, kwa maana hicho kingine hakikuwa na namna ya kusemwa.

Aliaga Septemba, mchana, kwenye gari la kumrudisha kutoka Machakos.

Kwenye mazishi nilimuuliza kaka yake kuhusu seva. Alinitazama kana kwamba nimemuuliza viatu vya marehemu viko wapi. Simu ya dada yake ilikuwa imeshafutwa na kupewa mtu, na maneno ya siri yalikuwa kichwani mwake peke yake. Nilikuwa na nenosiri langu mimi, la akaunti yangu, na nilirudi nyumbani nimeamua sasa nitabonyeza. Ukurasa ulikataa kufunguka. Nilijaribu kesho yake, na wiki iliyofuata. Mashine aliyokodi ilikuwa imezimwa kwa kutolipiwa. Ndiyo ikawa basi.

Nilitangaza kwenye akaunti mpya kwamba nimehamia huku. Tangazo la kuhama ambalo linatoka upande unaohamia peke yake halina nguvu, maana wanaolisikia ni wale ambao wameshakufuata. Kama watu sitini walinipata. Waliobaki walikuwa na linki iliyokufa, nami nikadhani linki iliyokufa haimdhuru mtu. Nilikuwa na duka la kuendesha, na mvua za Novemba zilikuwa zimekosa tena.

Ilikuwa mwaka uliofuata, kiangazi kimekaza, ambapo jirani ya mama mdogo alinipigia. Ni mwanamke wa makamo, mshirika wa kanisa lake. Hakunisalimia.

"Hiyo dawa yako inafanya aje?"

"Dawa gani, mama?"

"Ile uliandika. Mbuzi zinalala chini, zinatetemeka, zinatoa povu. Kwa mamako zimekufa tisa tangu asubuhi. Kwangu nne. Tuzipatie nini?"

Nikamwambia sijaandika dawa yoyote. Nikasikia anamwambia mtu aliyekuwa kando yake, kwa Kikamba, "Anasema si yeye."

Nilifunga duka. Nilifika Nuu kesho yake saa nne asubuhi. Boma la mama mdogo lilikuwa kimya, na ukimya huo niliutambua kabla sijashuka, kwani mimi nilikua katika kelele za boma lile. Walikuwa wamewaburuta mbuzi hadi kwenye ua wa miiba na kuwapanga. Ishirini na sita. Watano waliokuwa hai walisimama pembeni, shingo zimelegea. Mama mdogo alikuwa ameketi kwenye jiwe la kufulia, leso begani. Aliniangalia nikija mpaka nilipomfikia.

"Mwana wakwa," akasema. Mwanangu.

Niliwahudumia wale watano kwa nilichokuwa nacho mkobani. Wawili walikufa mikononi mwangu. Kisha nikaomba nione dawa. Alinipa pakiti ndogo ya plastiki isiyo na maandishi, yenye unga wa kijani uliobaki chini. Niliifungua na kunusa. Chini ya harufu ya majani makavu kulikuwa na harufu ninayoijua kama jina langu, ile ya dawa ya kuogeshea mifugo ili kuua kupe, ambayo haipaswi kupita kwenye koo la mnyama yeyote.

"Ulipewa na nani hii?"

Akanipa simu.

Linki ilikuwa ileile. Niliisoma herufi moja moja nikitafuta kosa, nukta iliyozidi, herufi iliyobadilishwa. Hakukuwa na kosa. Jina langu, na jina la seva ya rafiki yangu, kama ilivyokuwa siku zote. Juu kulikuwa na picha yangu, ile niliyopigwa na rafiki yangu nje ya saiba, koti jeupe la kazi, mbuzi mwekundu kwapani. Chini kulikuwa na machapisho yangu ya zamani, ya kope, ya kwato, ya minyoo, yote yamerudishwa. Na juu yao kulikuwa na mapya. Yaliandikwa nilivyozoea kuandika, Kikamba kidogo na Kiswahili kidogo, na salamu yangu ya mwanzo. Yalisema chanjo ya mbuzi iliyokuwa inakuja ilikuwa imeharibika njiani, msikubali, nimetengeneza dawa ya unga badala yake, agizeni kwa namba hii, mtaletewa hadi Mwingi.

Basi niliona yote kwa mara moja. Jina la seva lilikuwa limerudi sokoni. Mtu alilichukua, akajenga seva mpya chini ya jina lile, akajiandikisha kwa jina langu, akaokota maneno yangu kutoka kwenye nakala zilizobaki katika seva nyingine. Hakuhitaji kuiba nenosiri. Alikuta nyumba wazi na jina langu limeandikwa mlangoni.

"Niliona picha yako," mama mdogo alisema. "Nikasema mtoto amerudi. Zile siku haikuwa inafunguka nilikuwa na wasiwasi. Halafu siku moja ikafunguka."

Naibu wa chifu aliitisha baraza Alhamisi, nje ya ofisi yake. Watu kumi na mmoja walikuwa wametumia unga ule, na waliokuja kusikiliza walikuwa kama mia. Mchungaji aliomba kwanza. Kisha niliambiwa nisimame nieleze.

Nilieleza vibaya. Nilianza na seva, nikaona nyuso zinafunga, nikarudi kwa rafiki yangu na figo zake, mtu mmoja nyuma akasema, "Sasa amelaumu maiti." Naibu wa chifu alinyoosha mkono watu wanyamaze. Mzee mmoja aliyepoteza mbuzi wake wote aliomba kuniuliza maswali. Alikuwa amewahi kuwa karani wa mahakama, na aliuliza kwa utaratibu.

"Hii picha kwa simu ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Hili jina?"

"Langu."

"Hii anwani, si ndiyo ulitupatia wewe mwenyewe, ikaandikwa mpaka kwa mlango wa duka?"

"Ndiyo niliwapa. Lakini sasa si yangu."

"Uliacha kuwa nayo lini?"

"Mwaka jana."

"Ulimwambia nani hapa?"

Nilimwangalia mama mdogo. Alikuwa anatazama mikono yake. Nilikuwa nimezungumza naye kwa simu kila wiki, juu ya mvua, juu ya goti lake, juu ya harambee ya kanisa. Sikuwahi kumwambia kwamba ile linki imekufa. Nilidhani ameshaisahau.

"Sikumwambia mtu," nikasema.

"Basi," akasema mzee, akaketi.

Polisi aliyekuwepo aliandika jina langu na namba ya kitambulisho. Aliniuliza mwenye huo mtandao ni nani ili apigiwe. Nikamwambia hauna mwenyewe. Watu walicheka, kicheko kikavu kile cha watu wasiofurahi, naye akaandika jambo kwenye daftari lake na kulipigia mstari. Ile namba ya kuagiza dawa ilipofuatiliwa, ilikutwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha bibi kizee wa kaunti nyingine ambaye hakujua hata kusoma ujumbe. Kesi ikaishia hapo.

Nilirudi Kalamba na kazi moja, kuifunga ile akaunti ya uongo. Kwa kuwa hakukuwa na ofisi ya kwenda, nilianza kuwaandikia watunza seva, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja ana uwezo wa kuizuia seva fulani isifike kwake, na kwake tu. Nikaandika barua moja kwa Kiingereza na kuituma mara nyingi, nikiwa nyuma ya kaunta, kati ya mteja na mteja. Niliambatanisha picha za mbuzi na cheti cha kifo cha rafiki yangu, ambacho kaka yake alinipa bila kuuliza ni cha nini.

Wengine walijibu siku ileile, wakazuia, wakanipa pole. Wengine hawakujibu kamwe. Na baadhi waliniuliza swali ambalo mwanzoni lilinikasirisha, halafu nikaona wana haki, kwamba wao watajuaje mimi ni mimi? Akaunti ninayoiita ya uongo ina machapisho ya miaka minne na wafuasi mamia. Ninayoandikia ina mwaka mmoja na wafuasi sitini na kitu. Picha ni moja, jina ni moja. Mtunzaji mmoja, kwa heshima kabisa, aliniomba nichapishe neno fulani kutoka kwenye ile akaunti ya zamani, ili kuthibitisha kwamba ni yangu.

Mwingine aliangalia ushahidi wa pande zote mbili, akaamua, akanizuia mimi. Alinitumia ujumbe mfupi kunieleza kwamba kujifanya mtu mwingine ni kinyume cha kanuni zao.

Mteja aliingia akataka sindano za kuku, nikamuuzia, akatoka. Nilijaribu kukumbuka ni kitu gani ninacho ambacho yule mwingine hana. Nilikuwa na nguo nilizovaa siku ile ya picha, nilikuwa na kovu la pembe mkononi. Hakuna hata kimoja kinachopita kwenye waya.

Kisha mama mdogo alikuja kukaa kwangu. Nilimwendea mwenyewe, nikamwambia hapa hakuna kitu cha kukuamsha asubuhi, twende. Alikubali haraka mno. Wale mbuzi watatu waliopona alimwachia jirani yake aliyenipigia simu. Huko Kalamba alikuwa anaamka saa kumi na moja kama alivyozoea, anatoka nje, anasimama uani. Kisha anarudi ndani. Nilimnunulia mbuzi jike mwenye mtoto, nikadhani nimefanya jambo la maana. Alimfuga vizuri sana na hakumpa jina. Wa Nuu wote walikuwa na majina.

Siku moja tukichambua pojo, nilimwomba msamaha. Nilikuwa sijawahi kusema kwa mdomo. Nilimweleza habari ya kile kitufe, na kwa nini sikukibonyeza.

Alisikiliza huku mikono yake ikiendelea. "Ulimwonea huruma mgonjwa," akasema.

"Ndiyo."

"Hiyo si mbaya." Aliitupa pojo iliyotobolewa. "Lakini mimi pia nilikuwa nakungoja. Nilikuwa nabonyeza kila asubuhi, hakuna kitu. Siku ile ilifunguka, nilifurahi hata sikumpa mtu anisomee mara mbili. Kama ungeniambia tu kwa simu. Mama, ile kitu imeisha. Maneno manne."

Tulimaliza pojo.

Alikaa miezi saba. Kisha akasema anataka kuzikwa Nuu na kwa hiyo ni afadhali aende akiwa anatembea. Nilimrudisha. Anaishi peke yake, majirani wanamletea maziwa, na anayanywa. Watu wa kanisa lake hawajamtenga. Mimi nikienda ibadani naye, salamu zinatolewa, mikono inashikwa, na benchi letu linabaki na nafasi pande zote mbili.

Ile akaunti ya uongo ilitoweka yenyewe. Siku moja ukurasa ulikataa kufunguka, kama ulivyokataa mara ya kwanza. Hakuna aliyekamatwa. Nadhani mtu yule alipata alichotaka akaenda kuvaa mtu mwingine. Nilimtafuta kwa muda, kisha nikaacha. Kilichoniuma zaidi ni jina la seva, lile alilolichagua rafiki yangu kwa furaha nyingi. Nililinunua lilipoachwa tena. Sijaweka kitu chochote juu yake. Ukilifungua unakuta ukurasa mweupe wenye sentensi moja kwa Kikamba na Kiswahili, inayosema seva hii imefungwa na kwamba yeyote anayeuza dawa kwa jina lake ni mwongo. Nitakuwa nikililipia kila mwaka mpaka nife, na nimemwandikia dada yangu jinsi ya kulilipia baada ya hapo.

Akaunti yangu ya sasa iko chini ya jina langu mwenyewe nililolisajili, na nimeiunganisha na nyingine mbili nilizo nazo kwenye mitandao ya aina hiyo, kila moja ikiitaja mwenzake, ili anayetaka kuhakikisha aweze. Ninawafundisha maafisa wa mifugo kufanya hivyo. Wanasikiliza na kuandika. Ushauri wenyewe siandiki sana siku hizi.

Wiki iliyopita mtu alinipigia kutoka upande wa Nuu. Sauti ya mwanamume mzima, mwenye haraka. Alisema ng'ombe wake ameshindwa kuzaa tangu alfajiri, mguu mmoja wa ndama umetoka. Nikaanza kumwuliza ni mguu gani, akanikatiza.

"Ngoja kwanza. Nitajuaje ni wewe?"

"Umenipigia wewe kwa namba yangu."

"Hata hiyo nilipewa na mtu. Ulikuja kwetu ile mwaka ya nzige, ukazalisha ng'ombe yetu ingine. Mke wangu alikupatia kitu ukakula. Ilikuwa nini?"

Nilifunga macho. Mwaka wa nzige nilizunguka maboma mengi mno, kila boma lilinipa kitu, na nilikula kila nilichopewa. Muthokoi, chai, viazi vitamu, uji wa mawele. Nilimwona ng'ombe, niliona hata rangi ya udongo wa boma, au labda lilikuwa boma jingine.

"Sikumbuki," nikasema. "Lakini nisikilize, huyo ndama, usivute mguu, kwanza osha mkono uingize utafute..."

Alikuwa ameshakata. Nilimpigia, hakushika.

Nikampigia afisa wa mifugo wa wadi ile, nikamweleza boma kwa jinsi nilivyoweza, upande wa mlima, mtu mwenye ng'ombe anayeshindwa kuzaa, aulizie. Alisema ana pikipiki, anaweza kufika baada ya nusu saa.

"Nimwambie ni nani amenituma?"

Nikamwambia aende tu, aseme alikuwa anapita.